Boti ya Fundi Matangi

Maji yalimfikia baba mguu wa kulia kwanza, na kwa kuwa mguu ule ulikuwa umeacha kujua baridi na moto tangu miaka miwili nyuma, aliendelea kutabasamu. Alikuwa ameketi katikati ya boti, kwenye kiti cha plastiki tulichokitoa sebuleni, akiwapungia watu wa ukingoni kwa mkono wa kushoto. Mimi ndiye niliyeona. Niliona maji yakitoka nyuma, chini ya injini, membamba tu, yakafuata bonde la sakafu mpaka kwenye kiti, yakazunguka miguu ya kiti, yakaingia kiatuni mwake polepole kama mgeni aliyeelekezwa njia.

Tulikuwa hatua arobaini kutoka nchi kavu. Kina cha mto pale kinameza mtu mzima na mwingine juu ya mabega yake, na baba hakujua kuogelea hata alipokuwa na viungo vyote. Baba mkubwa alisimama nyuma ameshika usukani, macho yakiwa ng'ambo, na injini ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba mtu angeweza kuzama bila kusumbua wenzake. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nimeshika ubavu wa boti kwa mikono miwili. Nilidhani najua maji yale yanapoingilia. Ningeweza kupaonyesha nimefumba macho: chini ya injini, upande wa kushoto, mahali penye upana wa kiganja. Nilikuwa nimelala na kuamka na mahali pale siku thelathini na nne, na sikumwambia mtu.

Lakini nikianzia hapo nitamwonea baba. Yeye alianza mbali zaidi.

Baba alikuwa fundi wa matangi ya maji. Si haya ya plastiki yanayoletwa na lori. Matangi ya saruji na wavu, yale unayosuka kwanza kwa nondo nyembamba na waya wa kuku, tabaka juu ya tabaka, mpaka unapata kikapu kikubwa cha chuma, halafu unakandika saruji ndani na nje mpaka kikapu kinapotea kabisa. Ukuta wake ni mwembamba, hauzidi upana wa vidole viwili, na unabeba maji ya shule nzima. Watu walimwita Fundi Matangi, na mimi, kwa kuwa nilianza kumshikia karai nikiwa sijaota meno ya magego, waliniita Mwiko. Mama alilipinga jina hilo mwaka mmoja, akachoka, siku moja nikamsikia ananiita kwa jina hilohilo kutoka jikoni.

Kaka yake baba, baba mkubwa wangu, alikuwa seremala wa boti. Yeye ndiye aliyekuwa anavusha watu mtoni kwa boti alizojenga mwenyewe, na kwa mikono yake hakuna aliyemfikia. Kwa hiyo unaweza kufikiria kilichotokea siku baba alipotua kikombe chake mezani, mbele ya wageni, akasema kwamba amefikiria sana na ameona boti ijengwe kwa saruji.

Watu walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Baba hakukasirika. Alichukua daftari la shule lenye mistari, lililojaa michoro, akaanza kuwasomea. Mbao inaoza, saruji haiozi. Mbao inaliwa na funza wa majini na mchwa wa nchi kavu, na saruji hajazaliwa mdudu wa kuila. Moto wa injini ukishika mbao mnaruka majini, ukishika saruji mnamwaga ndoo. Mbao nzuri siku hizi unaitafuta kama mchumba wa kitajiri, wakati saruji, mchanga, nondo na wavu wa kuku viko kila duka la vifaa. Ikigonga mwamba haipasuki vipande, inabonyea, wavu unaushika ufa, unakoroga ndoo moja ya saruji unaziba, unaendelea na safari. Tena ikikaa majini inazidi kukomaa. Chuma kinaelea, akasema, meli zote hizo ni chuma, nani kati yenu amewahi kuona chuma kidogo kikielea?

Baba mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kumkatiza mdogo wake mbele za watu. Kisha akasema alichosema:

"Mbao huniambia kabla haijaniangusha. Naigonga, inalia, najua panaoza. Saruji itaniambia nini?"

"Tangi linazuia maji yasitoke," baba akajibu. "Boti inazuia maji yasiingie. Ukuta haujui maji yako upande gani."

"Tangi halina abiria," baba mkubwa akasema, akachukua kofia yake akaenda.

Basi likaisha hivyo kwa miaka sita. Daftari likawekwa juu ya kabati. Halafu asubuhi moja baba alianguka akiwa anafunga viatu, na alipoamka upande wake wote wa kulia ulikuwa umekwenda. Daktari alisema kiharusi. Mguu ulirudi nusunusu, wa kukokota, bila kuhisi chochote. Mkono haukurudi. Siku tuliyomtoa hospitali aliutazama ule mkono uliolala mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu akishikie, akaniambia, "Sasa wewe ndiye mkono wangu wa kulia." Alisema kwa utani. Mimi sikuuchukua kwa utani hata kidogo, na ndiyo maana mambo yalikwenda yalivyokwenda.

Mwaka uliofuata boti ya baba mkubwa ilioza chini. Alikuwa ameigonga, ikamwambia, na alikuwa mtu mkweli: aliipandisha ukingoni siku hiyohiyo na kuwatangazia watu kwamba hawavushi tena. Alitafuta mbao miezi minne. Alizopata zilikuwa mbichi, zimepinda, na za kuhurumiwa. Watu wa ng'ambo wakaanza kuzunguka darajani, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na wajawazito na wagonjwa nao wakizunguka hivyohivyo. Baba mkubwa akawa anakaa uani kwake ananoa patasi ambazo hazina kazi. Ilikuwa inauma kumtazama.

Ndipo baba akaniambia nilishushe daftari.

Baba mkubwa alikubali kwa masharti, na aliyasema ukingoni mbele ya umati, maana mto ni wa watu wote. Boti ijengwe. Siku ya kuishusha yeye ataiendesha, kwa kuwa hakuna mwingine anayeujua ule mto. Lakini aliyeibuni naye atakaa ndani, waende ng'ambo na kurudi. Miguu ya mdogo wake ikirudi mikavu, atavushia watu. Ikirudi imelowa, boti ivunjwevunjwe iwe kifusi cha kujazia gati, na habari ya saruji isisikike tena kwenye ukoo. Baba alikubali kabla sentensi haijaisha. Mama aliniangalia mimi. Nilielewa vizuri sana aliyekabidhiwa maisha ya mume wake.

Tuliisuka miezi miwili, chini ya banda la mabati hatua ishirini kutoka majini. Baba alikaa kwenye kiti kile cha plastiki akielekeza kwa fimbo. Nondo za mbavu, nondo za kulala, kisha wavu, matabaka manane, vyote vikafungwa kwa waya fundo kwa fundo mpaka vidole vyangu vikawa haviwezi kufunga kifungo cha gauni. Mafundi wetu wanne walikuwa walewale wa matangi, na mikono yao ilifanya kila kitu kama ilivyozoea. Baba mkubwa hakufika. Alipita mara moja kwa mbali, akasimama, akasema kikapu kizuri, tutavushia kuku, akaenda zake.

Siku ya kupaka saruji ni moja tu. Hilo ndilo jambo ambalo mtu wa nje halijui. Ukiijenga nyumba unaweza kusimama, ukala, ukalala, ukaendelea kesho. Boti haikubali. Saruji ya leo na ya kesho hazishikani vizuri, na palipounganishwa ndipo maji yatakapoingilia. Kwa hiyo ukianza huachi mpaka umefunga. Tulianza jua linachomoza. Mmoja anakaa ndani anasukuma saruji kwenye wavu kwa mwiko na kwa kiganja, mwingine anakaa nje anasubiri, na saruji ikichomoza upande wake anagonga mara mbili. Kugonga huko ndiko kiapo. Maana yake ni kwamba hapa pamejaa, hakuna uwazi, songa mbele. Ukisonga bila kugongewa, hujui ulichoacha ndani, na uso wa saruji ukishalainishwa unadanganya kabisa.

Kufika saa kumi jioni mwiko ulikuwa unaniponyoka. Nilikuwa ndani, nyuma kabisa, mahali pa kuweka injini, ambapo nondo zinakutana na wavu unapandana mpaka unakuwa mnene kama godoro. Nilisukuma. Nikasukuma tena. Nikasubiri kugongewa. Fundi wa upande wa nje alikuwa amekwenda kunywa maji, na mimi sikujua, nikadhani ananichelewesha. Karai la saruji mbele yangu lilikuwa linaanza kukauka na baba alikuwa anapiga fimbo chini akisema tusisimame, tusisimame. Nikaongeza saruji juu. Nikailainisha. Ikang'aa vizuri sana, pengine ndipo mahali palipong'aa kuliko pote. Nikasogea.

Ilikuwa kiganja kimoja, na nilijua wakati uleule kwamba sikugongewa.

Mbona sikusema? Nimejiuliza mara nyingi. Ningesema siku ile, ingekuwa kazi ya nusu saa. Lakini jua lilipozama na boti ikawa imefungwa yote, baba alisimama kwa fimbo yake, akaipapasa ile boti toka mbele hadi nyuma kwa mkono wa kushoto, na machozi yakamtoka bila aibu mbele ya mafundi. Akasema, huu ni mkono wangu, huu ni mkono wangu kabisa. Mkono wa baba haukuwahi kuacha uwazi kwenye kazi kwa miaka thelathini. Nikaona nikisema, nitakuwa nimempoozesha mara ya pili.

Basi nikanyamaza, na siri ikaanza kunila. Boti mpya ya saruji haiachwi ikauke, inalishwa maji mwezi mzima ndipo ikomae. Tuliivisha magunia nje na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni, na ndani tukajaza maji mpaka magotini kama tunavyofanya kwenye tangi. Kila nilipomwagilia nilichungulia pale chini. Mahali pakikomaa pakiwa na uwazi ndani, panapogongwa panalia tofauti. Sikuthubutu kupagonga. Nilibeba nyundo mara mbili nikairudisha. Wiki ya tatu nilikuwa na kazi ya tangi mji wa jirani, siku nne, na ninakiri kwamba nilifurahi kuondoka.

Asubuhi ya kuishusha, mama na baba waligombana juu ya koti. Mama alimtolea la heshima, lililopigwa pasi. Baba akakataa, akasema hajawahi kukabidhi kazi akiwa amevaa kama bwana harusi, akavaa lake la kazini, lile alilolivaa jana yake alipokuja kumwaga yale maji ya ndani kabla ya injini kufungwa. Lilikuwa na madoa ya saruji mpaka kwenye kola. Mama alimfunga vifungo mwenyewe, kwa hasira, akamkung'uta mabega.

Tuliiviringisha juu ya mabomba, watu kama sitini wakivuta kamba. Ilipofika majini nilifumba macho. Nikasikia watu wamenyamaza, wote kwa pamoja, na nilipofumbua niliona boti imekaa juu ya maji, nzito, imetulia, haijali hata mawimbi madogo ya pembeni. Inaelea. Baba alisema kwa sauti ya chini, "Haya," kama mtu aliyeulizwa swali miaka minane iliyopita. Tukampandisha na kiti chake.

Sasa nimefika pale nilipoanzia.

Niliyaona maji kiatuni, nikaruka kutoka mbele, nikapiga magoti mbele ya kiti cha baba nikiwa sijui nashika nini. Nilimpigia kelele baba mkubwa azime injini. Akazima. Kimya kikashuka na katika kile kimya tuliyasikia maji wote watatu, yakibubujika chini ya injini, sauti ndogo ya kuchekacheka. Baba mkubwa aliangalia chini. Kisha akaangalia ukingoni, umbali. Niliona anapima kama anaweza kuogelea amembeba mgongoni mtu aliyepooza, na niliona amepata jibu ambalo hakulipenda.

"Baba," nikasema, "ni mimi. Chini ya injini, kushoto. Sikugongewa. Niliacha uwazi, nikapafunika, na sikukwambia."

Nilisema huku nalia, na ajabu ni kwamba hata katika ile hofu nilihisi kifua kinafunguka. Nilikuwa tayari anilaani. Baba aliinama kidogo, akaniwekea mkono wake wa kushoto kichwani, akaniambia kwa upole kabisa, kama vile hatukuwa tunazama:

"Pale? Pale tulishapaziba."

Sikuelewa. Nikamgeukia baba mkubwa, naye kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona ameona haya. Alijikuna shingo. Akasema siku zile nilipokuwa mji wa jirani alikuwa anapita tu, akaingia bandani, akaigonga ile boti kwa nyundo yake ya useremala, kuanzia mbele, hatua kwa hatua, kama anavyogonga mbao. Mchana mzima. Alipofika pale nyuma ikalia.

"Iliniambia," akasema. "Sikutegemea."

Alikuwa amekwenda kumwita baba. Walichota maji ya ndani kwa ndoo, wakapatindua pale wawili, baba mkubwa kwa patasi na baba kwa maneno, wakajaza saruji nzito mpaka ikachomoza upande wa pili, na baba akagonga mara mbili kwa fimbo. Wazee wawili ambao walikuwa hawajashika kazi moja tangu walipokuwa wanajenga banda la kuku la bibi. Kisha wakapalainisha vizuri ili mimi nisione.

Hapo moyo wangu ulitulia, halafu ukashtuka upya, maana kama pale palizibwa, maji yalikuwa yanatoka wapi?

Nililala kifudifudi, nikapenyeza mkono chini ya injini mpaka begani. Maji yalikuwa baridi. Vidole vyangu vilitarajia ufa, kingo za saruji zilizokatika, wavu uliochomoza. Vikakuta duara. Duara laini, la inchi moja, lenye mistari ya skrubu kwa ndani.

Nililijua mara moja. Nililifunga mwenyewe kwenye wavu miezi miwili kabla, bila kuambiwa na bila kufikiri, chini kabisa mahali maji yanapokusanyika. Tangi lisilo na tundu la kusafishia kwetu si tangi. Mikono yetu yote ilikuwa imejenga matangi maisha yake yote, na hakuna hata mmoja, baba, mimi wala wale mafundi wanne, aliyejiuliza boti inataka tundu chini la nini.

Niliziba kwa kidole gumba. Mbubujiko ukakatika.

"Baba," nikasema, shavu langu likiwa sakafuni, "jana ulipomwaga maji ya ndani, kizibo ulikiweka wapi?"

Nilimsikia baba anajipapasa mfuko wa kushoto wa koti, kisha wa shati. Akasema alikiweka mahali, lazima kipo, yeye si mtu wa kupoteza kizibo. Ndipo baba mkubwa alipomwinamia, akatia mkono mfuko wa kulia wa lile koti, upande usiojua kitu, akatoa kizibo cha chuma cha inchi moja. Kilikuwa kimelala juu ya paja la baba tangu asubuhi. Miaka thelathini vizibo vya matangi vilikaa mfuko ule, na mkono wa kushoto ulikuwa umekipeleka palepale ulipomwona mwenzake akikipeleka siku zote.

Baba mkubwa alikiangalia kile kizibo. Akamwangalia baba. Mabega yake yakaanza kutikisika na nikadhani analia, kumbe mwenzangu anacheka, anacheka mpaka ameketi chini kwenye maji. Baba naye akashikwa. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, kicheko chake cha zamani, kinachoanzia tumboni. Mimi nilikuwa bado nimelala, kidole tunduni, nikiwaomba wazee wangu kwa heshima zote wanipe kizibo kwanza.

Nikakifunga. Nikakikaza kwa spana. Tulichota maji kwa ndoo mpaka ikabaki unyevu tu, na boti ilikuwa haijatikisika wala kuinama muda wote ule. Baba mkubwa akaiwasha injini, akasema kwa kuwa tumeshatoka, twende. Tukaenda.

Njiani nilimuuliza baba kwa nini hakuniambia kwamba pale wamepaziba, siku zote zile nikiwa nakonda. Alisema alikuwa ananisubiri niseme. Kila asubuhi alidhani ni leo. Na jana alipoona sisemi, alikata shauri kwamba hata nisiposema atapanda tu, kwa sababu palishazibwa na kwa sababu mimi ni mwanawe. Nilikaa chini karibu na kiti chake, nikaegemeza kichwa kwenye goti lake la kulia, naye hakujua, na nikashusha pumzi ambayo nilikuwa nimeibana kwa mwezi mmoja na siku nne.

Boti ile inaingia mwaka wa kumi na tisa sasa. Imegonga nguzo ya daraja mara moja, mwaka wa mafuriko, ikabonyea ubavuni mahali pa ukubwa wa sinia. Nilikoroga ndoo moja, nikapaziba mchana huohuo, na jioni nikalala usingizi mzuri. Nimejenga nyingine tano. Kwenye banda letu boti haisogei mpaka mtu aulize kwa sauti, "Kizibo?" na mwingine ajibu, "Kipo." Wageni wanadhani ni mzaha. Na hakuna fundi wangu anayesonga bila kugongewa.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni tulivyorudi siku ile.

Ukingoni watu walikuwa wamezidi. Mama alisimama mbele yao wote, sketi imelowa mpaka magotini, maana alipotuona tumezima injini katikati ya mto alikuwa ameanza kuingia majini kutufuata, na yeye pia hajui kuogelea. Watu walikuwa wanaita, wanataka kujua habari ya miguu. Masharti waliyasikia kwa masikio yao, hawakuwa wameyasahau. Baba alinyoosha shingo kuwatafuta rafiki zake, akawa anapunga mkono.

Nilimwangalia baba mkubwa. Alikuwa amefunga usukani kwa kamba. Alikuja katikati ya boti, chini ya ukingo wa boti ambapo mtu wa nje haoni, akapiga goti mbele ya mdogo wake. Akamvua kiatu cha kulia polepole, akakimimina mtoni. Akakamua soksi. Akatoa kitambaa chake mfukoni akaukausha ule mguu, katikati ya vidole na kisigino, kama anayekausha mtoto, akamvisha tena na kufunga kamba za kiatu. Baba alikuwa anapunga tu, hakuhisi kitu.

Kisha baba mkubwa akasimama, akawaangalia watu.

"Mikavu," akasema. "Kesho saa moja asubuhi, anayevuka awe hapa."